Maswali ya Wasomaji: Stratosfia Ikitibuka, Baridi Inashukia Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu ambao riziki au familia zao zimefungamana na nchi zenye majira ya baridi kali: wauza mazao nje, wazazi wenye watoto masomoni Ulaya, walimu wa jiografia. Wote wamesikia habari ileile redioni, kwamba hewa ya juu kabisa kwenye Ncha ya Kaskazini imepata joto la ghafla na kwa hiyo Ulaya ijiandae kwa theluji. Wengi wanaona maneno hayo hayaendani.

Joto likiongezeka juu, mbona baridi inazidi chini? Naomba mnieleze taratibu, mimi si mwanasayansi. (Mama mwenye binti masomoni Poland, Nansana)

Mama, tuanze na matabaka. Mawingu, mvua na hewa tunayovuta vyote vimo katika tabaka la chini, yaani troposfia. Juu ya Uganda tabaka hilo linafika kilomita 16 au 17. Kwenye ncha za dunia linaishia kilomita 8 hadi 10. Juu yake ndiyo stratosfia, hadi kilomita 50 hivi, yenye ozoni nyingi na hewa kavu isiyo na mvua.

Katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kabisa kwenye Ncha ya Kaskazini. Stratosfia ya huko inapoa hadi kama nyuzi 80 chini ya sifuri, na tofauti ya joto kati yake na hewa ya kusini inazaa upepo mkali unaoizunguka ncha kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo huo ndio unaoitwa vorteksi ya ncha.

Milima mikubwa kama Himalaya na Rocky, pamoja na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari, huutikisa mkondo wa hewa na kuzusha mawimbi yenye urefu wa maelfu ya kilomita. Mwaka 1961 wanasayansi Jule Charney na Philip Drazin walionyesha kuwa ni mawimbi makubwa tu yanayoweza kupanda hadi stratosfia, na hayo hupanda pale tu upepo wa juu unapotoka magharibi bila kuzidi nguvu. Yakifika huko huvunjika, kama mawimbi ya bahari yanavyovunjika kwenye mwamba, na yakivunjika huusukuma upepo kinyume na mwendo wake. Vorteksi inapungua kasi. Yakija mengi mfululizo, upepo unasimama na kugeuka kabisa.

Hapo ndipo joto linapotokea. Upepo ukisimama, hewa iliyo juu ya ncha inazama na kubanwa. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi uone inavyochemka: hewa ikibanwa inapata joto, bila moto wala jua. Stratosfia ya ncha inaweza kupanda nyuzi 50 kwa siku chache. Richard Scherhag aliliona jambo hili kwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa maputo yaliyorushwa Berlin, na Taroh Matsuno wa Japani akaeleza jinsi mawimbi yanavyolisababisha mwaka 1971.

Sasa baridi. Magazeti huandika kwamba baridi ya juu "inamwagika" duniani, na hili tunalikataa. Hewa iliyoko kilomita 30 haifiki Warsaw. Kinachoshuka ni badiliko la upepo. Upepo ukishageuka juu, mawimbi mapya hayawezi kupita hapo, kwa hiyo yanavunjika chini kidogo, kisha chini zaidi, na eneo lililotibuka linateremka. Baada ya wiki moja au mbili linafika sehemu ya chini ya stratosfia, ambako hewa hujirudi polepole sana, na linaweza kukaa huko miezi miwili. Muda wote huo mgandamizo wa hewa wa usoni mwa dunia unaelekea kuwa juu kuliko kawaida kwenye Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, na mkondo wa kasi wa troposfia, upepo unaozielekeza dhoruba, unasogea kusini. Upepo wa Atlantiki unaoipa Ulaya uvuguvugu unadhoofika, na njia inafunguka kwa hewa ya Siberia, ambayo ilikuwa baridi tangu mwanzo.

Mfano ulio wazi ni wa 2018. Tarehe 12 Februari upepo wa stratosfia uligeuka na vorteksi ikapasuka vipande viwili. Kabla wiki mbili hazijaisha hewa ya Siberia ilikuwa inaelekea magharibi. Tarehe 26 Februari theluji ilianguka Roma, na Uingereza na Ireland zikakamatwa na baridi hadi mwanzo wa Machi. Wakati huohuo Ureno na Uhispania, zilizokuwa zimebanwa na ukame, zikapata mvua nyingi za Machi kwa sababu njia ya dhoruba ilisukumwa upande wao. Kwa hiyo, mama, binti aliyeko Poland anunue koti zito. Angekuwa Lisbon, tungemwambia mwavuli.

Natangaza habari za hali ya hewa redioni. Kuna chati za stratosfia zinazotolewa bure kwenye intaneti lakini sijui niangalie nini. (Mtangazaji, Gulu)

Anza na chati ya upepo wa latitudo 60 kaskazini kwenye hektopaskali 10. Usiogope kipimo hicho. Kwa usawa wa bahari mgandamizo ni kama hektopaskali 1013, na Kampala ni karibu 880 kwa sababu mji uko mita 1,200 juu. Ukifika 10 uko kilomita 30 hivi angani, na asilimia 99 ya hewa yote imebaki chini yako. Katikati ya majira ya baridi mstari wa wastani huwa kama mita 30 kwa sekunde. Namba chanya ni upepo wa kutoka magharibi. Mstari ukivuka sifuri kwenda chini kati ya Novemba na Machi, hilo linahesabiwa tukio kubwa. Ukishuka hadi 5 kisha ukarudi juu, ni tikisiko tu, usilitangaze.

Chati ya pili ndiyo muhimu zaidi, na ndiyo watangazaji wengi wanaiacha. Inaonyesha tarehe kwa mlalo na kimo kwa wima, na kwa kawaida rangi nyekundu ni vorteksi dhaifu, buluu ni yenye nguvu. Tafuta mstari wa hektopaskali 100, kama kilomita 16. Wekundu ukifika hapo na kukaa wiki nzima, una habari. Ukining'inia kwenye 10 na 30 bila kushuka, huna. Mwanzoni mwa Januari 2019 vorteksi ilipasuka vizuri kabisa huko juu, na watu wengi wakaitabiria Ulaya mwezi wa barafu. Badiliko halikushuka inavyopaswa na Ulaya haikupata baridi ile iliyosubiriwa. Kwa jumla, kama theluthi mbili ya matukio makubwa huonekana chini. Theluthi moja hupotea njiani.

Tatu, angalia faharasa ya Aktiki, inayoandikwa AO, namba inayoshuka mgandamizo wa hewa wa Aktiki unapokuwa juu kuliko kawaida. Ikiwa chini ya sifuri kwa siku nyingi, troposfia imeitikia.

Kuhusu muda: tukio lenyewe hutabirika takriban siku 10 kabla, mara chache wiki mbili. Likishatokea, uwezekano wa baridi unapanda kuanzia wiki ya pili hadi karibu ya nane. Hii ndiyo thamani yake kubwa, maana utabiri wa kawaida wa siku kwa siku hupoteza nguvu baada ya siku kumi. Lakini tukio la stratosfia haliwezi kukwambia Jumanne itanyesha nini. Hewani usiseme "Ulaya itaganda." Sema: "Uwezekano wa baridi kali kaskazini mwa Ulaya umeongezeka kwa wiki tano au sita zijazo, fuatilieni utabiri wa kila siku." Wala usiahidi tukio kila mwaka. Wastani ni kama sita kwa miaka kumi, na miaka ya 1990 ilienda karibu yote bila tukio kubwa hata moja hadi Desemba 1998.

Napeleka matoke, bamia na pilipili Brussels na London kila wiki. Habari hizi zinanisaidia nini? (Mfanyabiashara, Kampala)

Zinakupa wiki mbili za kujipanga, na kwa mazao mabichi hiyo ni mali.

Mazao yako matatu yote ni ya joto na yanaumia kabla hata ya kuganda. Matoke yakikaa chini ya nyuzi 13 ganda linageuka kijivu, kisha jeusi, na tunda haliivi sawasawa. Bamia na pilipili huvumilia hadi nyuzi 7 hivi. Chini ya hapo hupata vishimo na madoa ya majimaji, ambayo mara nyingi huonekana siku mbili tatu baada ya kupokelewa, mteja akidhani ulimpelekea mzigo wa zamani. Mahali pa hatari ni uwanja wa ndege wa kule, pale mzigo unaposubiri nje kati ya ndege na ghala. Saa moja na nusu kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri, zikisindikizwa na upepo, zinatosha kuharibu safu ya nje ya maboksi.

Ukisikia tukio kubwa limetokea na limefika hektopaskali 100, fanya haya kwa wiki sita zinazofuata. Mwandikie wakala wako wa kule kabla ya kila safari, umuulize mzigo utasubiri wapi na kwa nyuzi ngapi, na upate jibu la maandishi. Funika mzigo mzima kwa blanketi la kuhifadhi joto, chini hadi kwenye mbao za msingi, kwa sababu baridi huingilia chini. Matoke yawe katikati ya mzigo, pilipili nje. Weka vifaa viwili vya kurekodi joto, kimoja kwenye boksi la pembeni na kingine katikati. Cha katikati peke yake kitakuonyesha kila kitu ni salama wakati pembeni pameoza. Na usivune kabla ndege haijathibitishwa, maana theluji inapofunga njia za kurukia, mzigo uliovunwa unalala Entebbe na siku zake za kuuzika zinapungua.

Kinyume chake pia kipo. Mwanzoni mwa 2020 vorteksi ilikuwa na nguvu zisizo za kawaida, na sehemu kubwa ya Ulaya ikapata majira ya baridi yenye uvuguvugu. Mwaka wa namna hiyo usitupe fedha kwenye blanketi kila wiki. Tazama utabiri wa siku tano na uamue.

Je, vorteksi hiyo inaathiri mvua zetu? Hapa kijijini msimu wa kwanza umekuwa haueleweki. (Mkulima wa mtama na mihogo, Soroti)

Ndugu mkulima, usipange kupanda kwako kwa kuangalia Ncha ya Kaskazini. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za mwisho wa mwaka, hufuata ukanda wa mvua unaohama na jua, joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na unyevu unaosukumwa kutoka bonde la Kongo. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko upande wa mashariki, mvua za Oktoba hadi Desemba zikafurika Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likapanda hadi kumeza nyumba na mashamba ya pwani zake mwaka 2020. Hakuna vorteksi iliyohitajika. Utabiri wa msimu unaotolewa na serikali ndio wa kufuata, pamoja na ule wa ICPAC ya Nairobi, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu.

Hata hivyo anga yetu ya juu haijalala, na hili linastahili kujulikana na watu wa Ziwa Victoria kuliko watu wengine wote. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alikuja hadi ziwani na maputo ya kupimia. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba upepo wa juu wa ikweta hutoka mashariki daima, kwa kuwa vumbi la volkano ya Krakatoa ya 1883 lilizunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi kwa takriban wiki mbili. Berson akakuta upepo wa kutoka magharibi, kilomita 15 hivi juu ya ziwa na zaidi. Kwa miaka hamsini hivi vipimo hivyo viwili vilionekana kugongana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo ilipojulikana kwamba vyote vilikuwa sahihi: upepo wa stratosfia ya ikweta hupokezana, mashariki kisha magharibi, mzunguko mmoja ukichukua wastani wa miezi 28. Kila zamu huanzia juu na kuteremka karibu kilomita moja kwa mwezi. Kwenye chati utauona kwa herufi QBO.

Zamu hiyo inafika mbali. Upepo wa ikweta ukiwa wa mashariki, mawimbi ya kaskazini huelekezwa zaidi nchani na vorteksi huelekea kudhoofika. James Holton na Hsiu-Chi Tan walilionyesha hilo mwaka 1980. Kwa maana hiyo sisi tulio ikweta tuna mkono katika baridi ya Ulaya, pengine kuliko Ulaya ilivyo na mkono katika mvua zetu.

Kurudi kwetu, lipo kundi kubwa la mawingu linalosafiri kuelekea mashariki kuzunguka ikweta kwa siku 30 hadi 60, linaloandikwa MJO. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, mvua za Afrika Mashariki huelekea kuongezeka. Vipimo vimeonyesha kuwa kati ya Desemba na Februari kundi hilo huwa na nguvu zaidi na hutabirika kwa siku nyingi zaidi wakati QBO ni ya mashariki. Pia, stratosfia ya ncha inapopata joto la ghafla, stratosfia ya ikweta hupoa kwa nyuzi chache, kwa sababu hewa inayozama kule inavutwa kutoka huku ikipanda. Haya ni ya kumfaa mtabiri wa wiki mbili au tatu mbele. Mtama wako unahitaji kwanza udongo ulioloa hadi kina cha sentimita 20 na utabiri wa siku kumi usioonyesha pengo la ukavu.

Baridi ya Kabale ya Juni na Julai inatoka huko? (Msomaji, Kabale)

Hapana. Inatoka kwenye kimo. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda kilomita moja, na Kabale iko karibu mita 1,900. Usiku wa kiangazi usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka, na hewa nzito ya baridi inateremka mabondeni. Ndiyo maana asubuhi bonde ni baridi kuliko mlimani.

Kwa nini tunasikia habari za kaskazini tu? Kusini hakuna vorteksi? (Mwanafunzi, Fort Portal)

Ipo, tena ni imara zaidi. Kusini hakuna milima na mabara mengi ya kuzusha mawimbi makubwa, kwa hiyo vorteksi ya Antaktiki husumbuliwa mara chache. Tukio kubwa limeonekana mara moja tu, Septemba 2002, vorteksi ilipopasuka na tundu la ozoni likapasuka nalo. Septemba 2019 ilitikisika tena kwa nguvu, ingawa upepo wa kipimo kikuu haukugeuka. Badiliko liliposhuka, lilichangia joto na ukavu mashariki mwa Australia katika miezi ya moto mkubwa wa misitu. Bahari ya Hindi, ileile iliyotuletea mafuriko mwaka huo, iliwanyima mvua kwa upande wao.

Nataka kuwaonyesha wanafunzi upepo wa ncha na mawimbi yake bila maabara. Inawezekana? (Mwalimu wa jiografia, Mbale)

Inawezekana, mwalimu, kwa vitu vya jikoni. Tafuta meza ya kuzungushia keki, beseni la duara lenye upana wa sentimita 35 hivi na kitako bapa, kopo la bati la upana wa sentimita 10 hadi 12, barafu, mawe machache, wino wa chakula wa buluu na mwekundu, na punje za pamanganeti kutoka duka la dawa.

Weka beseni katikati kabisa ya meza ya keki na kopo katikati ya beseni. Tia mawe ndani ya kopo lisielee. Mimina maji ya kawaida hadi kina cha sentimita 4, kisha pima kwa rula pande nne. Tofauti isizidi milimita 1. Zungusha kinyume cha saa, mzunguko mmoja kwa kila sekunde 6, mwanafunzi mmoja akihesabu kwa sauti. Endelea dakika 10 kamili bila kugusa maji, hadi yazunguke pamoja na beseni kama kitu kimoja. Sasa jaza kopo kwa barafu na maji kidogo. Subiri dakika 3, kisha dondosha matone mawili ya buluu karibu na kopo na mawili mekundu karibu na ukingo. Punje nne au tano za pamanganeti zitazama na kuacha mkia unaoonyesha mwendo wa maji ya chini.

Kopo ni ncha, ukingo ni ikweta. Baada ya dakika chache rangi zitaanza kupindika na kuingiliana kwa ndimi: buluu inatoka nje, nyekundu inaingia ndani. Rudia kwa mzunguko mmoja kila sekunde 40, na ndimi zitatoweka. Maji yatazunguka kopo kwa utulivu. Rudia tena bila kuzungusha, na buluu itatambaa moja kwa moja chini hadi ukingoni. Waambie wanafunzi kwamba hili ni onyesho la mawimbi ya chini, yale yanayoisumbua stratosfia, wala si joto la ghafla lenyewe.

Likishindikana, mara nyingi kosa ni mojawapo ya haya. Meza imeinama, na rangi zote zinakimbilia upande mmoja. Mmeanza kutia wino kabla maji hayajatulia, na mnaona mikunjo mirefu inayofuata mkono wa anayezungusha. Kasi inapanda na kushuka. Badilisha mzungushaji kabla hajachoka. Feni ya darasani inapuliza uso wa maji. Wino una joto tofauti na maji. Uchanganye kwanza na maji ya beseni hilohilo. Na tafadhali asitokee mwanafunzi wa kufungua maikrowevu mbovu ili atoe mota ya kuzungushia. Ndani yake kuna kapasita inayoweza kuua hata ikiwa imechomolewa ukutani.

Ukitaka darasa zima lione, funga simu kwenye ubao mwembamba uliopita juu ya beseni na kuzunguka nalo, kamera ikitazama chini. Ukitazama kutoka nje macho yanafuata mzunguko na ndimi hazionekani vizuri. Ndani ya video zinaonekana zimesimama wazi, na unaweza kuzihesabu.